Tusiibebeshe Miguu ya Mtoto Deni la Nyumba



Sisi tunaoishi Turiani, chini ya milima ya Nguru, hatuhitaji kusafiri ili kuujua mpira wa miguu. Uwanja wa Manungu upo hapa hapa, umezungukwa na miwa, na timu ya Mtibwa Sugar imelelewa na jasho la kiwanda kile kile kinachowalisha wengi wetu. Wazee wetu waliiona timu hiyo ikitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999, ikautwaa tena mwaka 2000, katika nchi ambayo kombe hilo aghalabu huzunguka baina ya klabu mbili za Kariakoo. Mwaka 2018 ikanyakua Kombe la Shirikisho kwa kuifunga Singida United mabao 3 kwa 2 jijini Arusha. Kisha msimu wa 2023/24 ikashuka daraja. Vijana wetu wakajionea maana ya kucheza ligi ya chini, safari ndefu na kamera chache, mpaka timu ilipopanda tena na kurejea Ligi Kuu msimu wa 2025/26.

Kwa hiyo mzazi wa Turiani anapomwona mwanawe wa miaka 16 akifunga mabao mawili katika mechi ya ndondo, haoni mchezo tu. Huona njia. Shiza Kichuya alitoka Mtibwa Sugar akaenda Simba mwaka 2016, na mwaka 2019 akaelekea Misri. Dickson Job alitoka hapa hapa akajiunga na Yanga mwaka 2021. Njia ipo, na waliopita wanajulikana kwa majina. Ndiyo maana swali linalotufikia katika kamati ya msikiti mara kwa mara, kutoka kwa akina baba na akina mama, si kama mpira ni halali au ni haramu. Hilo masheikh wetu wamelizungumza. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bi. Aisha (r.a.), na michezo inayoujenga mwili haina ubaya ikiwa sitara imehifadhiwa, swala haikupotezwa na kamari haikuingia. Swali wanalotuletea ni zito zaidi: tumwekee mtoto huyu kiasi gani cha mali yetu?

Tunaandika makala haya kwa sababu ya nyumba moja iliyotuletea swali hilo likiwa limekwishafika ukingoni.

Mama mmoja mjane, muumini wa msikiti wetu, alikuja kwa kamati kuomba mkopo. Mwanawe ni mshambuliaji, ana miaka 16, yupo kidato cha tatu na jioni husoma darasa letu la Qur'ani. Bwana mmoja aliyejiita wakala wa wachezaji alimwona mtoto akicheza, akaja nyumbani, akala chakula, akasema amemwombea majaribio katika klabu ya Ulaya. Kilichohitajika ni shilingi milioni nne za pasipoti, viza na tiketi. Mama alikuwa na shamba la mpunga alilorithi kwa marehemu mumewe. Mnunuzi alikwishapatikana kwa milioni mbili na nusu. Zilizobaki ndizo alizokuja kuziomba katika mfuko wa msikiti.

"Ustadhi," alituambia, "mtoto huyu ndiye mkombozi wa nyumba yetu. Shamba linanipa magunia manane. Yeye akifika huko atanipa nyumba."

Neno "mkombozi" lilitukaa moyoni. Tulilisikia tena kwa mjomba wa mtoto, tukalisikia kwa majirani. Mtoto mwenyewe alikuwa amekaa kando, kimya, akiitazama mikono yake. Hakuna aliyemwuliza kama anaweza kuubeba mzigo wa jina lile.

Kabla hatujaeleza tulichoamua, ni vyema tuitazame safari ya mshambuliaji kijana kama ilivyo, maana wengi wetu tunaujua mwisho wake tu. Tunaye mfano wa karibu. Kelvin John alizaliwa Morogoro mwaka 2003, mkoa wetu huu huu. Hatumtaji kwa ajili ya dini yake, bali kwa kuwa ni mtoto wa mkoa huu na safari yake imeandikwa hadharani. Alikuwa tegemeo la Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, iliyoshiriki fainali za Afrika hapa nyumbani mwaka 2019. Timu ile ilifungwa na Nigeria mabao 5 kwa 4, ikafungwa na Uganda, ikafungwa na Angola, ikatoka bila ya pointi hata moja. Mtoto wa miaka 15 alikuwa amekwishapewa jina la utani la mshambuliaji maarufu wa Ufaransa, na nchi nzima ilimsubiri.

Je, alikwenda moja kwa moja kwenye klabu kubwa? Hapana. Alipelekwa Uingereza kusoma katika chuo chenye kituo cha mpira, jimbo la Leicestershire. Hakusaini mkataba na klabu ya Genk ya Ubelgiji mpaka alipotimiza miaka 18, Juni 2021. Baada ya kusaini hakugeuka nyota kwa usiku mmoja. Sehemu kubwa ya miaka yake ya Genk ilipita katika kikosi cha vijana, Jong Genk, ambacho kuanzia msimu wa 2022/23 kilicheza ligi ya daraja la pili. Mwaka 2024 akahamia Denmark katika klabu ya AaB ya mji wa Aalborg, na msimu wa kwanza ulipokwisha klabu hiyo ikashuka daraja. Hivyo akiwa na miaka 22, baada ya shule, kikosi cha akiba, baridi na lugha tatu za kigeni, kijana huyo aliyetajwa na nchi nzima akajikuta tena katika daraja la pili, akianza kupanda upya.

Hatusemi haya kumpunguzia hadhi. Kwetu hiyo ndiyo heshima yake. Waliotoka nchi hii wakafika pale alipofika ni wachache mno. Tunayasema ili mzazi ahesabu miaka. Tangu jina lake lilipoanza kutajwa mpaka leo imepita miaka kadhaa ya kungoja, na katika miaka hiyo riziki yake ilikuwa mikononi mwa kocha, goti na kalamu ya msajili. Mbwana Samatta, ambaye kila mtoto wa madrasa anamjua, naye alipanda ngazi kwa ngazi: African Lyon, Simba, kisha mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi. Alikaa Kongo zaidi ya miaka minne. Mwaka 2015 Mazembe ikatwaa ubingwa wa Afrika, Januari 2016 akaenda Genk, na mwaka 2020 akafunga bao katika fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley akiwa na Aston Villa. Tunalikumbuka bao lile kwa sababu lilionekana. Miaka ya Lubumbashi ndiyo iliyolizaa, lakini ni nyumba chache zinazoihesabu.

Tena mshambuliaji ana mtihani wake peke yake. Beki akicheza vizuri mechi sita bila kosa, husifiwa kwa utulivu. Mshambuliaji akicheza vizuri mechi sita bila bao, huzomewa. Kazi yake hupimwa kwa tarakimu moja tu, na tarakimu hiyo huonekana na kila mtu. Sasa mfikirieni kijana wa miaka 19 aliye benchi katika mji wa baridi, anayejua kwamba shamba la mama yake liliuzwa kwa ajili ya tarakimu ile. Atakapopata nafasi mbele ya lango, je, miguu yake itakuwa myepesi?

Hapa kwetu yupo kijana mmoja, leo ana miaka 27, anayeendesha bodaboda. Aliwahi kucheza misimu miwili katika timu ya ligi ya chini, mkoa mwingine. Goti lake liliumia mazoezini. Timu ile haikuwa na daktari wala bima, na mishahara ya miezi mitatu hakuipata mpaka leo. Tulimwita aje aongee na mama yule. Hakulaumu, hakulia. Alisema: "Mama, goti liliniuma miezi minne. Kilichoniuma zaidi ni kurudi nyumbani. Baba alikuwa ameuza ng'ombe wawili, na kila nikikaa kula niliwaona ng'ombe wale." Akaongeza kwamba kama angekuwa na cheti cha ufundi wakati ule, angerudi kama fundi aliyewahi kucheza mpira. Alirudi kama mchezaji aliyeshindwa, na hilo ndilo jina aliloishi nalo miaka mingi.

Wenzetu wa mbali wamelielewa jambo hili. Ujerumani, nchi iliyotwaa Kombe la Dunia mara nne, ina madaraja mengi chini ya Bundesliga. Daraja la nne peke yake, liitwalo Regionalliga, limegawanywa katika makundi matano kwa kanda. Humo mna vijana wengi wenye vipaji ambao asubuhi wapo chuoni au kazini, na jioni wapo mazoezini. Hakuna anayeona aibu. Miroslav Klose alicheza katika timu ya kijiji ya daraja la saba mpaka akakaribia miaka 20, na kazi aliyojifunza ilikuwa useremala wa kuezeka mapaa. Mtu huyo ndiye aliyekuja kufunga mabao 16 katika fainali nne za Kombe la Dunia, kuanzia 2002 hadi 2014, akaweka rekodi. Randa na nyundo hazikumzuia kufunga. Tunaamini zilimsaidia, kwa kuwa hakuingia uwanjani akiwa na njaa ya kesho.

Na yule anayeogopa kwamba kijana wa Kiislamu atapoteza dini yake katika nchi zile, naye tunamwambia: hofu yako ina msingi, lakini si hukumu. Aprili 2022, katika mechi ya Augsburg na Mainz huko huko Ujerumani, mwamuzi alisimamisha mchezo jua lilipozama ili beki wa Mainz, Moussa Niakhaté, afuturu. Mchezaji alikunywa maji, akamshukuru mwamuzi, mchezo ukaendelea. Kijana aliyeishika ibada yake kabla ya kuondoka ataikuta njia. Aliyeondoka nyumbani swala tano ikiwa mzigo kwake, ataitupa uwanja wa ndege. Kinachoamua ni malezi ya hapa, kabla ya pasipoti.

Sasa turudi kwenye ombi la mama. Sisi tuliosoma fiqhi chuoni tulifundishwa kwamba mkataba wa kazi, yaani ijara, una mambo yasiyofichwa: kazi ijulikane, muda ujulikane, ujira ujulikane. Pakiwa na giza katika lolote kati ya hayo, hilo ni gharari, na sheria imelikataza kwa ajili ya kumlinda mnyonge. Tulifundishwa pia kwamba wakala ni mtu wa amana, humtumikia aliyemtuma, na ujira wake huelezwa mapema. Na tulifundishwa kwamba mali ya yatima haiguswi ila kwa maslahi yake yaliyo wazi. Sura An-Nisaa imelisisitiza jambo hilo kwa ukali unaojulikana na kila msomaji wa Qur'ani. Shamba lile halikuwa la mama peke yake. Lilikuwa na sehemu ya mtoto huyo, na sehemu za dada zake wawili wadogo.

Basi kamati haikusema ndiyo wala hapana. Tulimwomba mama amwite bwana yule aje na karatasi tatu. Ya kwanza ni leseni yake. Tangu 2023 shirikisho la mpira la dunia, FIFA, linamtaka wakala awe na leseni inayopatikana kwa mtihani, na kanuni zake zinataka idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi kabla wakala hajamfuata mtoto. Ya pili ni barua ya klabu, yenye jina la klabu, jina la mtu aliyeiandika na tarehe ya majaribio. Ya tatu ni maandishi yanayoonesha nani atalipa nauli ya kurudi ikiwa mtoto hatachaguliwa. Hiyo ya tatu ndiyo tuliyoipa uzito zaidi, maana kila mtu hufikiria tiketi ya kwenda.

Tulimweleza mama na jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa hali chache maalumu, kama vile wazazi kuhamia nchi ile kwa sababu zao zisizohusu mpira. Ndiyo maana Kelvin John alikwenda kama mwanafunzi, na kalamu ya mkataba ikangoja siku yake ya kuzaliwa. Sheria ya mtoto ya nchi yetu, ya mwaka 2009, nayo inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Kwa hiyo mtu anayeahidi kumsajili Ulaya mtoto wa miaka 16 kutoka Turiani, ama hajui kanuni au anategemea kwamba sisi hatuzijui.

Bwana yule alipigiwa simu mbele yetu. Alisema atakuja Jumatano na karatasi zote. Jumatano haikumleta, wala Jumatano iliyofuata. Baada ya wiki mbili simu yake haikupatikana tena. Shamba halikuuzwa.

Tungependa kuishia hapo na kusema Alhamdulillahi, lakini kadhia haikuishia hapo. Mtoto aliacha kuja darasani kwa mwezi mzima. Aliporudi, baada ya swala ya Isha, alitwambia kwa adabu lakini kwa uchungu: "Ustadhi, mlininyima bahati yangu. Huenda yule bwana alikasirika kwa kuulizwa maswali mengi." Hatukuwa na ushahidi wa kumwonesha kwamba bwana yule alikuwa mwongo. Tulikuwa na ukimya wake tu, na kijana wa miaka 16 anaweza kuusoma ukimya kwa namna aitakayo.

Tulimjibu kwamba riziki ya mja haizuiwi na maswali matatu. Mlango unaofungwa na swali la haki haukuwa mlango. Kisha tukamwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: yeye mwenyewe anataka nini? Alifikiri kwa muda. Akasema anataka kucheza. Halafu akasema kwa sauti ya chini: "Lakini nataka nikikosa bao nisimwone mama." Ndugu wasomaji, neno hilo lilitosha kutufundisha kuliko kanuni zote tulizozisoma.

Kwa hiyo tunawaandikia wazazi wenzetu mambo machache ambayo tumeyaona yakifaa.

Kwanza, mwacheni mtoto acheze, na acheze mahali palipoandikwa. Kuna tofauti kubwa baina ya kipaji kinachosifiwa mchangani na mchezaji aliyesajiliwa katika timu ya vijana inayotambuliwa. Usajili ule humwekea kumbukumbu. Kanuni za dunia zimeweka fidia ya mafunzo, inayohesabu miaka ya mchezaji tangu 12 hadi 21, na mchango wa mshikamano, asilimia 5 ya ada ya uhamisho, inayogawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Fedha hizo huenda kwa klabu, haziendi kwa mzazi, lakini ndizo zinazoifanya klabu ndogo iwe na sababu ya kumlea mtoto wako kwa uangalifu na kuitunza karatasi yake.

Pili, semeni kweli kuhusu umri. Tunajua desturi mbaya ya kupunguza miaka ili mtoto aonekane kipaji cha ajabu. Huo ni uongo, na mwenye kuuanza ni mzazi. Siku hizi mashindano ya vijana chini ya miaka 17 hutumia vipimo vya mfupa wa kifundo cha mkono. Serengeti Boys wa mwaka 2017, wakiongozwa na nahodha Dickson Job, walipata nafasi ya kwenda fainali za Gabon baada ya Kongo Brazzaville kuondolewa kwa kadhia ya mchezaji aliyetiliwa shaka umri wake na asiyefika kupimwa. Mtoto mmoja aliyefichiwa miaka aliwaponza wenzake wote. Cheti cha kuzaliwa ni amana. Kitafuteni mapema, na kiwe cha kweli.

Tatu, elimu au ufundi usiachwe. Wahenga wa pwani walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Shule ni mbacha wetu: mkuukuu, hauna nakshi, lakini tunao. Majaribio ya mbali ni msala mzuri unaopita. Ukitulia mbele yetu tutaukalia. Ukipita, tusikutwe tumekaa juu ya udongo. Mtoto anaweza kusoma na kucheza. Anayemwambia achague kimoja akiwa na miaka 15 amezitazama siku zake chache zilizo karibu, akaiacha miaka iliyobaki.

Nne, msitie kamari katika safari ya mtoto. Hapa hatusemi mikeka ya simu tu, ambayo imeingia katika kila kijiwe cha Madizini na ambayo uharamu wake hauna mjadala. Kuiuza nyumba, shamba au mifugo yote kwa tumaini la usajili mmoja kunakaribiana mno na kamari, ingawa hakuna tiketi mkononi. Mcheza kamari huweka asichoweza kukipoteza juu ya jambo asiloweza kulisimamia. Tofauti ni kwamba hapa anayeumia zaidi matokeo yakiwa mabaya ni mtoto, kwa kuwa ndiye aliyegeuzwa mchezo wenyewe.

Tano, na hili ndilo kubwa, ondoeni neno "mkombozi" majumbani. Mtoto akipata, wema kwa wazazi ni faradhi yake, na kijana aliyelelewa vizuri hahitaji kukumbushwa. Asipopata, asihesabiwe ni mdaiwa. Chakula alicholishwa, viatu vya mpira alivyonunuliwa na nauli ya Morogoro mjini aliyopewa vilikuwa haki yake na sadaka ya wazazi wake. Mwenyezi Mungu ndiye anayevilipa. Tusivigeuze deni na kuvifunga katika miguu yake.

Mama yule alivuna mpunga wake msimu huu. Mwanawe yupo kidato cha nne, amesajiliwa katika timu ya vijana, na jioni tatu kwa wiki hupita msikitini na jezi begani akielekea mazoezini. Hatujui kama atafika Ligi Kuu, au daraja la pili la nchi ya mbali, au atakuwa fundi wa mitambo anayecheza Ijumaa jioni na wenzake. Yote matatu ni maisha ya mtu mwenye heshima.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie miguu ya vijana wetu nguvu na wepesi, aizidishie mioyo yao swala na subira, na atupe sisi wazazi na walezi busara ya kuwapenda kabla hawajafunga bao lolote.

Wabillahi tawfiq.